Tom Coburn: Daktari aliyeiambia Serikali ya Marekani 'hapana'

Na Mwandishi Wetu

MAREHEMU Tom Coburn, seneta wa jimbo la Oklahoma kwa tiketi ya chama cha Republican kuanzia 2005 hadi 2015, hakuwahi kuwa kiongozi wa chama chake bungeni. Hata hivyo, ni wanasiasa wachache wa zama zake walioitikisa Serikali ya Marekani kwa neno moja tu, 'hapana'. Neno hilo ndilo lililompatia jina la utani la Daktari Hapana, na mwaka 2008 mwangwi wake ulifika hadi kwenye mpango uliokuwa ukilipia dawa za Ukimwi katika Afrika Mashariki.

Kutoka wodini hadi bungeni

Coburn alizaliwa Machi 14, 1948, akakulia Muskogee, Oklahoma. Alisomea uhasibu, akafanya kazi katika kampuni ya familia, kisha akaugua saratani ya ngozi. Baada ya kupona alijiunga na chuo cha udaktari na kuhitimu mwaka 1983. Kwa miaka mingi alikuwa daktari wa familia na wa uzazi, akizalisha watoto zaidi ya 4,000.

Aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1995 akiwa ameahidi kukaa vipindi vitatu pekee. Ahadi hiyo aliitimiza, akaondoka mwaka 2001. Mwaka 2004 alichaguliwa kuingia Baraza la Seneti.

Msimamo wake ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Kila matumizi mapya yafidiwe kwa kupunguza matumizi mengine, na Serikali kuu isifanye kazi ambayo jimbo au raia anaweza kuifanya mwenyewe. Deni, alishikilia, ni kodi wanayotozwa watoto ambao bado hawajapata haki ya kupiga kura.

Daraja la Alaska

Jaribio lake la kwanza kubwa lilikuja Oktoba 2005, wiki chache baada ya kimbunga Katrina kuipiga Louisiana. Bunge lilikuwa limetenga dola milioni 223 za daraja la kuunganisha mji wa Ketchikan, Alaska, na kisiwa cha Gravina, chenye uwanja wa ndege na wakazi wapatao 50. Coburn alitaka fedha hizo zihamishiwe kwenye ujenzi wa daraja lililobomolewa na kimbunga.

Seneta Ted Stevens wa Alaska, naye wa Republican, alitishia kujiuzulu. Hoja ya Coburn iliangushwa kwa kura 82 dhidi ya 15. Lakini jambo lilikwisha kuwafikia wananchi. Mwezi uliofuata Bunge liliondoa sharti la kulijenga daraja hilo, ingawa Alaska iliachiwa fedha, na mwaka 2007 mradi ukafutwa. Mwaka 2011 Bunge lilisitisha kabisa utaratibu wa wabunge kujitengea mafungu maalumu kwa ajili ya miradi ya majimboni kwao. Ulirejeshwa mwaka 2021 chini ya masharti mapya.

Urafiki na Obama

Rafiki yake mmoja alitoka kambi ya pili. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, aliapishwa kuwa seneta siku moja na Coburn. Wawili hao walisimamia sheria iliyotiwa saini Septemba 2006, ikiitaka Serikali kuweka hadharani kwenye intaneti mikataba na ruzuku zake. Tovuti hiyo ilifunguliwa Desemba 2007 na ingali ikitumika. Urafiki huo haukumzuia Coburn kuipinga sheria ya bima ya afya ya Rais Obama, akiiona kuwa inamweka mtumishi wa Serikali kati ya daktari na mgonjwa.

Silaha ya mtu mmoja

Nguvu ya Coburn ilitokana na kanuni za Seneti. Miswada mingi hupita haraka kwa ridhaa ya wote, hivyo seneta mmoja akikataa, muda mrefu wa mjadala hutumika kuipitisha. Coburn aliitumia nafasi hiyo bila haya, hata kwa miswada ambayo wengi waliona ni aibu kuipinga.

Mwaka 2008 ilikuwa zamu ya mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizolengwa tangu mwanzo. Muswada wa kuuendeleza uliondoa sharti la asilimia 55 ya fedha kwenda kwenye matibabu. Coburn na wenzake kadhaa waliuzuia.

Watetezi wa mpango waliona kuwa kila wiki ya kuchelewa ni hatari kwa wagonjwa. Coburn alijibu kuwa bila sharti hilo fedha zingeishia kwenye mambo mengine badala ya kumfikia mgonjwa. Mwishowe yalifikiwa maafikiano kwamba zaidi ya nusu ya misaada ya moja kwa moja kwa nchi husika iende kwenye matibabu na huduma. Rais Bush alitia saini Julai 30, 2008, kwa kiwango cha dola bilioni 48 kwa miaka mitano.

Lakini hapana yake ilikuwa na makali pia. Desemba 2014, siku zake za mwisho bungeni, aliuzuia muswada wa kuzuia kujiua kwa askari wastaafu, wenye gharama ya dola milioni 22, akisema unarudia huduma zilizopo. Familia zilizofiwa ziliumia. Muswada ulipita Februari 2015, yeye akiwa ameshaondoka.

Kanuni na ruzuku

Kuhusu udhibiti, hoja yake ilikuwa kwamba Serikali huongeza sheria mpya kabla ya kurekebisha za zamani. Mwaka 2010 aliupinga muswada wa usalama wa chakula, akitaja gharama yake na idara zinazogongana. Nchini Marekani, pizza ya jibini hukaguliwa na idara moja na pizza yenye nyama na nyingine. Muswada huo ulipita na kuwa sheria Januari 2011.

Alishinda kwingine. Juni 2011, yeye na Seneta Dianne Feinstein wa chama cha Democratic walipata kura 73 dhidi ya 27 za kufuta nafuu ya kodi kwa mafuta ya ethanoli yatokanayo na mahindi. Nafuu hiyo ilikoma mwishoni mwa mwaka huo.

Hesabu kubwa

Wakosoaji walimwambia kuwa anahesabu senti. Walikuwa na hoja, kwani mafungu maalumu hayakufikia asilimia moja ya bajeti, huku pensheni, tiba ya wazee na ulinzi vikibeba sehemu kubwa. Coburn hakuikwepa hesabu hiyo. Desemba 2010 aliunga mkono ripoti ya tume ya kupunguza nakisi iliyohusisha pia kuongeza mapato ya kodi, jambo lililowakasirisha wahafidhina wenzake. Julai 2011 alitoa mpango wake wa kupunguza nakisi kwa dola trilioni 9 katika miaka 10, ukigusa hata jeshi. Haukupitishwa.

Alipoapishwa mwaka 2005, deni la taifa lilikuwa takriban dola trilioni 7.6. Alipoondoka Januari 2015, miaka miwili kabla ya muda wake, lilikuwa limevuka trilioni 18.

Coburn alifariki dunia Machi 28, 2020, akiwa na umri wa miaka 72. Ameacha alama isiyo na makelele. Kifungu alichokiingiza kwenye sheria ya mwaka 2010 kinawalazimu wakaguzi wa Serikali kutoa kila mwaka ripoti ya miradi inayojirudia. Kwa hesabu za wakaguzi hao, kazi hiyo imeokoa zaidi ya dola bilioni 600 tangu 2011.