Kidole cha Freyer na Mwali wa Leza

Desemba 1900, katika hospitali ya St Peter's jijini London, Peter Freyer, daktari aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi India, alimpasua mgonjwa tumboni mpaka kwenye kibofu, akaingiza kidole na kuing'oa tezi dume iliyovimba kama chungwa linavyomenywa. Akajitangaza mwanzilishi. Eugene Fuller wa New York, aliyekwisha kuifanya kazi hiyo kabla yake, hakunyamaza. Wakubwa hao wawili waligombania sifa miaka kadhaa huku wagonjwa wakitaka kukojoa tu.

Njia ya Freyer ilimwaga damu nyingi. Ndiyo maana wapasuaji walikishangilia kifaa cha Maximilian Stern cha 1926, kilichoboreshwa na Joseph McCarthy mwanzoni mwa miaka ya 1930: kitanzi cha waya wa umeme kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo na kuikwangua tezi kipande kwa kipande. Tumbo halikuguswa tena. Ila maji yasiyo na chumvi yaliyotumika kusafishia yaliweza kuingia kwenye damu na kumdhuru mgonjwa, hivyo daktari alilazimika kufanya haraka, na tezi kubwa sana zikabaki kupasuliwa kwa kisu.

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960, lakini kwenye tezi dume ilivuma miaka ya 1990. Ilianza vibaya. Mwali wa neodimiamu ulipenya ndani mno, ukaipika nyama bila kuiondoa. Nyama mfu ikabanduka taratibu kwa majuma, na mgonjwa akaendelea kuvaa mpira wa mkojo akiugulia maumivu.

Ukafuata mwanga wa kijani wa nanomita 532, unaofyonzwa na wekundu wa damu. Katika Mayo Clinic, Marekani, ulijaribiwa kwa wati 60. Mashine za baadaye zilifika 80, 120, hata 180. Nyama inageuka mvuke na damu haitoki sana, neema kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kasoro yake si ndogo: maabara haipati nyama ya kutosha ya kupima saratani.

Jibu lililo bora zaidi lilitoka mji wa Tauranga, New Zealand. Peter Gilling na Mark Fraundorfer walitumia leza ya holmiamu, ambayo mwali wake hufyonzwa na maji na kupenya chini ya nusu milimita. Mwanzoni waliikata tezi vipande, kazi ya kuchosha. Kufikia 1998 walikuwa wakiimenya nzima, wakiisukuma kibofuni, kisha wakiisaga na kuivuta nje. Ilikuwa kazi ileile ya Freyer, bila kidole wala jeraha la tumbo. Hata tezi kubwa kupindukia hutoka, na nyama hupelekwa maabara. Tatizo ni kwamba ufundi huu hauji upesi.

Leza ya thuliamu ndiyo iliyokuja baadaye. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2020, wenye wanaume 410, ulilinganisha ukataji wa thuliamu na kitanzi cha umeme: nafuu ya dalili ilikuwa sawa, na kasi ya mkojo ikawa nzuri zaidi kwa kitanzi. Kwa tezi ya wastani, basi, waya wa zamani haujastaafu. Kwa kubwa sana, holmiamu inastahili kutangulizwa. Mgonjwa anayepewa uchaguzi huu asiulize aina ya leza tu. Amwulize daktari ameshawafanyia wangapi kwa njia hiyo.