Tuseme hisa za Posta zinauzwa kesho. Ungenunua?

Uzi. Kila msimu wa bajeti swali hurudi: serikali iuze mashirika yake au iyashikilie? Leo nachukua Posta peke yake, maana mjadala wake una kelele nyingi na historia kidogo. Sitaji mwanasiasa wala chama, msinitafutie kesi.

Ukiingia Soko la Hisa la Nairobi leo hutapata hisa ya Posta. Mwenye mali ni serikali, yote. Lakini tuseme zinauzwa kesho, na wewe uko hapa Umoja na pesa za chama mkononi. Mimi kabla ya kuangalia faida ningeanza na 1977.

Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika lake la posta na simu likagawanywa. Kenya ikabaki na KPTC, barua na simu chini ya paa moja. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ikavunja nyumba hiyo, na 1999 zikatoka Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia sekta. Simu zenye pesa zikaenda Telkom. Posta ikabaki na wajibu wa kufikisha huduma kila pembe ya nchi, hata pale stempu hailipi mafuta ya gari. Kama fidia ikapewa haki ya peke yake kwa barua nyepesi, za hadi gramu 350. Fidia gani hiyo, wakati barua pepe tayari iko mlangoni? Vifurushi, ambako biashara ilikuwa inahamia, vikaachiwa kila mwenye leseni.

Halafu Machi 2007, M-Pesa. Benki Kuu iliamua huduma hiyo iendelee bila leseni ya benki. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa wengi wetu, lakini ndio uliozika mani oda.

2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Hiyo watu huisahau kabisa. Ilionekana ni sera ya ajira kwa vijana, hakuna aliyeitangaza kama sera ya posta. Lakini leo mzigo wa Gikomba unafika Umoja kwa boda kabla chai haijapoa, na wa kwenda ushago unapelekwa kwa ofisi ya matatu.

Si kwamba hao wa kibinafsi wako salama. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kila anayebeba kifurushi aliisikia kwa tangi. Sendy, iliyokuwa imewekewa mamilioni ya dola, ilifunga mwaka huohuo.

Sasa rudi kwa Posta. Serikali ndiye mwenyewe, ndiye mdhibiti, ndiye mteja, na tangu 2013 ni mpangaji pia, maana Huduma Centre ziliingia kwa majengo ya posta, kuanzia GPO. Posta imekuwa ikidai kodi ya vyumba hivyo. Mpangaji ambaye pia ni landlodi wako utamfungia mlango aje?

Kwa hivyo mnunuzi mwerevu hatanunua barua. Atanunua viwanja, vile vya katikati ya kila mji. Hapo ndipo bei inapigwa chini.

Uingereza iliuza Royal Mail 2013 kwa peni 330 kwa hisa. Siku ya kwanza bei ikaruka zaidi ya theluthi, na wananchi wakauliza nani aliikadiria. Lakini wajibu wa kupeleka barua siku sita kwa wiki ulibaki kisheria, na 2025 kampuni nzima ilichukuliwa kwa takriban peni 370. Miaka kumi na miwili, peni arobaini na gawio.

Anayekuambia Posta iuzwe, muulize hati za viwanja zinaenda na nani, na barua ya Lodwar italipiwa na nani. Anayesema isiuzwe, muulize ile kodi ya Huduma Centre inalipwa lini.