Jina la Maradhi kama Hati ya Historia: Nafasi ya Taaluma za Insia katika Masomo ya Tiba

1.0 Utangulizi



Mwaka 1963 ilianzishwa jijini Dar es Salaam shule ya utabibu. Mwaka uliofuata, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, chombo kilichoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930, iliingizwa katika Chuo Kikuu na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Shule ya utabibu nayo ikawa kitivo cha chuo mwaka 1968, ikapandishwa kuwa chuo kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 ikapata hadhi ya chuo kikuu kinachojitegemea, yaani Muhimbili. Kwa hiyo, kwa takriban miaka 40, wachunguzi wa maneno na waganga wa miili walikuwa chini ya mwavuli mmoja. Swali la mhadhara huu ni hili: je, taaluma hizi mbili zina lolote la kuambiana?

Hoja yetu ni kwamba jina ambalo jamii huyapa maradhi ni hati ya historia. Ndani ya jina hilo mna mambo ambayo watu waliyaona, waliyoyaogopa, na waliyoyadhani kuwa chanzo cha mateso yao. Tabibu asiyeweza kuisoma hati hiyo hupoteza maarifa na, kama tutakavyoona, wakati mwingine hupoteza mgonjwa. Tutaifafanua hoja hii kwa mifano michache, mingi yake kutoka Afrika Mashariki.

2.0 Kidingapopo: neno lililohifadhi ushahidi

Tabibu Mskoti James Christie alifanya kazi Unguja wakati kipindupindu kilipoua watu wengi mwaka 1869 na 1870. Kitabu chake juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, kilichochapishwa mwaka 1876, kingali chanzo muhimu kwa wanahistoria. Mwaka huohuo wa 1870 aliona pia homa nyingine ambayo wenyeji waliiita kwa jina aliloliandika kama kidinga pepo. Wazee walimweleza kwamba homa hiyo haikuwa ngeni. Ilikwisha kupita Unguja yapata mwaka 1823. Christie hakulipuuza jina hilo wala kumbukumbu ya wazee. Aliviandika vyote pamoja na dalili: homa ya ghafla, vipele, na maumivu makali ya viungo.

Baadhi ya wataalamu wamedai kwamba neno dengue, ambalo lilienea katika visiwa vya Karibi mnamo 1827 na 1828, lilitokana na jina hili la Kiswahili. Wengine hulihusisha na neno la Kihispania lenye maana ya madaha. Mjadala huo haujafungwa. Linalotuhusu hapa ni kwamba mwaka 1971 mtafiti Donald Carey aliyarejea maandishi ya Christie na kuhoji kama homa iliyoelezwa humo ilikuwa kweli ile ambayo madaktari wa leo huiita dengue. Maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu baada ya homa kwisha yalimwelekeza kwenye ugonjwa mwingine, yaani chikungunya. Kwa maneno mengine, yaelekea jina lilichukuliwa kutoka ugonjwa mmoja likapewa mwingine. Maabara peke yake isingeweza kuligundua jambo hilo, maana hapakuwa na damu ya mwaka 1870 ya kupimwa. Kilichokuwapo ni maandishi, jina, na simulizi za wazee.

Mwanaisimu ataongeza swali lake. Christie aliandika pepo, ilhali kamusi za baadaye zina popo. Tofauti ni ya irabu moja tu, lakini irabu hiyo hubadili maana ya jina. Pepo hutupeleka kwenye imani ya kupagawa. Popo hutupeleka kwa mnyama arukaye usiku. Je, Christie alisikia vibaya, au jamii yenyewe ilibadili jina kadiri fikra zake zilivyobadilika? Swali kama hili haliwezi kujibiwa bila kuchunguza lahaja na matini za kale.

Dar es Salaam ilipokumbwa na milipuko mwaka 2014 na tena mwaka 2019, vyombo vya habari vilizungumza juu ya homa ya dengue, kana kwamba Kiswahili hakikuwahi kuwa na neno lake. Kidingapopo lilibaki kamusini.

3.0 Chikungunya: nani mwenye neno?

Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo ulienea katika Nyanda za Juu za Makonde, eneo la Newala, kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha taarifa zao juu ya mlipuko huo mwaka 1955. Jina waliloliingiza katika maandishi ya kitabibu lilikuwa la Wamakonde wenyewe: chikungunya, kutokana na kitenzi chenye maana ya kujikunja au kupindika. Ni jina la mtu aliyemtazama mgonjwa akitembea. Aliyelitunga aliona mgongo ulioinama na magoti yasiyonyooka, naye akaiita dalili hiyo kwa jina lake.

Hata hivyo, kwa miaka mingi maandishi kadhaa ya kitabibu yalieleza kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Mwanafunzi yeyote wa isimu ya Kibantu angelitilia shaka dai hilo kwa kuangalia kiambishi chi-, ambacho katika Kiswahili Sanifu hulingana na ki-. Huenda mtu akasema kosa hili ni dogo. Sisi hatukubaliani naye. Virusi hivyo vilipozuka Lamu mwaka 2004, vikaenda Komoro na kuambukiza takriban theluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, neno la Kimakonde lilitajwa dunia nzima. Haki ya kutambuliwa kwa jamii iliyoliona tatizo kwanza na kulieleza kwa usahihi ni sehemu ya historia ya tiba.

4.0 Degedege: jina na uhai wa mtoto

Mpinzani wetu anaweza kusema kwamba mgonjwa mwenye homa anahitaji dawa, wala hana haja na etimolojia. Hoja hiyo ina uzito, na inastahili jibu lisilo la nadharia tupu.

Mtoto mwenye malaria kali huweza kupatwa na mtukutiko wa mwili. Hali hiyo huitwa degedege, jina linalohusishwa na dege, kiumbe arukaye ambaye huaminiwa kumpitia mtoto. Tafiti zilizofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 zilionyesha kwamba wazazi wengi waliyahesabu maradhi haya kuwa tofauti kabisa na malaria. Malaria kwao ilikuwa homa ya kawaida, nayo tiba yake ilikuwa hospitali. Degedege lilikuwa jambo jingine, na mara nyingi lilianza kutibiwa kwa mganga wa jadi.

Tuangalie matokeo yake. Bango linalosema “Jikinge na malaria” lilisomwa na mama anayejua Kiswahili barabara. Alilielewa kila neno. Lakini ujumbe haukugusa kile alichokiogopa zaidi, kwa kuwa katika mpangilio wake wa maradhi degedege halikuwa malaria. Kosa halikuwa la sarufi wala la tafsiri. Waliotunga ujumbe walidhani kwamba neno malaria linabeba maana ileile zahanati na nyumbani. Kuchelewa kwa saa chache kumfikisha hospitali mtoto wa namna hii kunaweza kumwua. Hapa etimolojia na dawa vinakutana.

5.0 Tahadhari: jina linaweza kudhulumu

Tusije tukayatukuza majina ya jadi. Hati ya historia husomwa kwa kuhojiwa. Neno kubemenda hutumiwa kueleza kudhoofika kwa mtoto anayenyonya, na sababu inayotajwa ni wazazi kutozingatia mwiko wa kujamiiana wakati wa kunyonyesha. Ndani ya neno hilo mna maarifa, maana kupata mimba mapema huweza kweli kumkatiza mtoto maziwa. Cicely Williams alilikuta wazo la karibu na hilo katika Gold Coast, Ghana ya leo, alipoeleza kwashakoo katika miaka ya 1930: jina hilo la Kiga humhusu mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuzaliwa mdogo wake. Hata hivyo, kubemenda humtia mama hatiani, huku likiacha umaskini na uhaba wa chakula bila kutajwa. Mama anayeogopa kuhukumiwa huweza kuchelewa kumpeleka mtoto kliniki. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Methali humlaumu anayeficha. Mwanahistoria hana budi kuuliza ni nini kilichomfanya afiche.

UKIMWI unatupa funzo la upande wa pili. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vazi lililohusishwa na biashara ya mpakani. Jina hilo lilisimulia ugonjwa umepita wapi na kwa mikono ya nani. Baadaye Upungufu wa Kinga Mwilini ulihamisha maelezo kutoka kwa mfanyabiashara hadi kwenye mwili wa binadamu yeyote. Lakini hata neno kinga halikuanza hospitali. Kabla ya hapo lilitumika, na lingali linatumika, kwa hirizi na dawa za kujihami. Istilahi mpya hujengwa kwa matofali ya zamani.

6.0 Mapendekezo kwa masomo ya chuo kikuu

TUKI ilipochapisha Kamusi ya Tiba iliziba pengo kubwa. Kamusi humwezesha daktari kupata neno. Hata hivyo, haimfundishi mgonjwa wake analitumia neno hilo kwa maana gani. Kazi hiyo inahitaji somo kamili, nasi tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, wanafunzi wa tiba wasome historia ya magonjwa ya eneo hili kupitia vyanzo vyenyewe, vikiwamo vya Kiswahili. Pili, wanafunzi wa Kiswahili wafanye utafiti wa istilahi za maradhi katika lahaja na lugha jirani, kwa kuwa wazee wanaozijua wanatutoka. Tatu, vikundi vya pande zote mbili vijaribu ujumbe wa afya kwa wasikilizaji kabla haujachapishwa.

Haya si mageni kwetu kama yanavyoonekana. Kiongozi wa juu wa utabibu serikalini Tanzania huitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Cheo hicho kimetumia neno lilelile ambalo mwanakijiji humwitia mtaalamu wa mitishamba na ramli. Lugha iliwaweka watu hao wawili katika neno moja, ilhali mitaala yetu imewatenga.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kidingapopo lilihifadhi ushahidi ambao maabara haikuwa nao, kwamba chikungunya ni uchunguzi wa Wamakonde uliopewa wenyewe wasio wake, na kwamba kutoelewa maana ya degedege kuligusa uhai wa watoto. Tumeonya pia kwamba majina mengine hudhulumu, na kwamba kuyasoma si sawa na kuyakubali. Mgonjwa anapofika mbele ya tabibu, jambo la kwanza analotoa ni maneno. Damu ya kupimwa huja baadaye. Ni wajibu wa chuo kikuu kumwandaa tabibu kuvisoma vyote viwili.