Safari ya Mashairi ya Muyaka: Nakala, Uhamisho na Wajibu wa Mhakiki

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mombasa aliyefariki mnamo mwaka 1840, hakuacha diwani iliyochapishwa. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alizikusanya tungo zake kwa ushirikiano na mmishenari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor, aliyefariki mwaka 1927, hatimaye zilihifadhiwa London, katika chuo kijulikanacho kama SOAS. Kutokana na mkusanyo huo, William Hichens alihariri diwani iliyotolewa Johannesburg mwaka 1940 kwa hati za Kirumi. Mwaka 1979 mashairi hayo yalitoka tena, safari hii Nairobi, katika uchunguzi wa Mohamed H. Abdulaziz.

Kila nakala mpya, basi, ilikalia kiti cha ile iliyoitangulia. Hapo ndipo penye tatizo la kiuhakiki. Katika hati za Kiarabu kama zilivyotumiwa kwa desturi pwani, herufi moja iliweza kusimama badala ya b, p au mb. Alama moja ya irabu iliwakilisha i na e, na nyingine u na o. Hivyo neno lile lile laweza kusomwa "pita" au "peta". Mizani haibadiliki, kwa hiyo haimwonyi msomaji. Kinachogeuka ni maana. Aliyelihamishia neno hilo katika hati za Kirumi alilazimika kuchagua, na chaguo lake, likishachapishwa, huonekana kuwa kauli ya malenga mwenyewe.

Mhakiki anayejenga hoja juu ya neno moja la Muyaka, huku akitegemea chapa ya mwisho peke yake, huenda anamhakiki mhariri. Kinga yake ni kuujua mnyororo mzima: nani alinakili, nani alibadili hati, na mswada umehamia wapi. Maktaba nazo, zibadilishapo nambari ya mswada, hazina budi kuiweka ya zamani kando ya mpya. La sivyo, marejeo ya watafiti waliotangulia hugeuka njia isiyofika popote. Hata picha za kompyuta, zilizowarahisishia wengi kuisoma miswada wakiwa mbali, ni kiungo kingine tu katika mnyororo huo. Nakala iliyochukua nafasi ya nyingine haijaifuta. Imeongeza tu shahidi wa kuhojiwa.