Kukagua wadudu wa mahindi: Gharama na faida kwa mkulima wa Kericho na Bomet

KATIKA kaunti za Kericho na Bomet, muda wa mkulima mdogo hupimwa kwa kilo za majani chai. Nusu saa anayoitumia kukagua mahindi ni nusu saa ambayo hakuchuma. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya ukaguzi, na ndiyo sababu wengi huingia shambani wakati wadudu wamekwisha kutamalaki.

Hasara ya kuchelewa si ngeni eneo hili. Mnamo Septemba 2011, ugonjwa mpya wa mahindi uliripotiwa katika tarafa ya Longisa, Bomet, kisha ukaenea hadi Narok na Naivasha. Majani hugeuka manjano kuanzia moyo wa mmea, hatimaye mmea hukauka.

Wataalamu walibaini kuwa maradhi hayo, yanayojulikana kwa kifupi kama MLN, husababishwa na virusi vya aina mbili vinaposhambulia mmea kwa pamoja. Aina moja husambazwa na vithiripi na mbawakawa, na nyingine na vidukari. Mwaka wa 2013, Kenya na kituo cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, zilifungua kituo huko Naivasha cha kupima mbegu zinazostahimili maradhi hayo.

Mnamo 2017 viwavijeshi vamizi, wenye asili ya bara la Amerika, waliingia nchini. Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu ya mia moja au zaidi, nayo huanguliwa baada ya siku chache. Kiwavi akishakua hujificha ndani ya moyo wa mmea, mahali ambapo dawa haimfikii kwa urahisi.

Namna ya kukagua

Mkulima hupita shambani kwa mstari wa zigizaga, akisimama mahali 5 na kutazama mimea 10 kila mahali. Hutafuta mayai, matundu mapya kwenye majani na kinyesi mithili ya unga wa mbao.

Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2018 na CIMMYT pamoja na shirika la Marekani la USAID unashauri kuchukua hatua pale mimea 10 kati ya hiyo 50 imeshambuliwa, mahindi yakiwa machanga. Mahindi yakishakua, lakini kabla ya kutoa mbelewele, kiwango hicho hupanda hadi mimea 20.

Gharama

Akitumia nusu dakika kwa kila mmea, mkulima atamaliza mimea 50 kwa dakika 25. Tuseme nusu saa pamoja na kutembea. Mara mbili kwa juma, kwa majuma sita, ni saa sita: takriban siku moja ya kuchuma chai.

Mtego wa feromoni hunasa nondo dume. Huonya kuwa nondo wamefika, lakini hauonyeshi kiasi cha uharibifu. Kwa kuwa mtego na chambo chake hununuliwa, ni nafuu majirani kuuchangia, kisha kila mmoja akague shamba lake.

Faida

Faida ya kwanza ni kujua wakati wa kutonyunyiza. Anayekuta mimea 6 tu iliyoshambuliwa huokoa pesa za dawa na kibarua, na huwanusuru sisimizi na nyigu wanaokula viwavi.

Pili, mashamba mengi ya mahindi yamepakana na michai. Dawa inayopeperushwa na upepo huweza kuangukia majani ya kuchumwa, ilhali masoko kama Umoja wa Ulaya yameweka viwango vya juu kabisa vya masalia ya dawa katika chai.

Hata hivyo, ukaguzi una mipaka yake. Hauponyi mmea ulioambukizwa MLN. Faida yake hapo ni kuwezesha mimea michache kung'olewa mapema, na mkulima kuamua kupanda maharagwe au viazi msimu unaofuata. Faida hiyo humfikia pia jirani, kwani wadudu hawajui mpaka wa shamba.

Kwa hiyo, mwenye muda mchache na aanze na mahindi machanga. Ndipo viwavi wangali wadogo, na ndipo nusu saa huzaa faida kubwa zaidi.