Nani Mwenye Mchezo? Klabu za Kanda ya Ziwa na Haki za Televisheni

Historia ya mpira wa miguu katika nchi yetu imezoea kuelezwa kwa mabao na vikombe. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kwa upande mwingine, yaani upande wa daftari la mapato, na tumechagua Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria kwa kuwa huko jambo lenyewe huonekana wazi zaidi kuliko Dar es Salaam. Swali letu ni hili: mchezo unaochezwa uwanjani ni mali ya nani, na yule anayeuonyesha kwa watu walio mbali na uwanja anapaswa kumlipa nani?

Kwa wazee wetu swali hilo lisingekuwa na maana kubwa. Redio ya taifa ilikuwa ya umma, na mpira nao ulihesabiwa kuwa wa umma. Sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary ziliwafikia wavuvi wa Ukerewe na Ukara sawasawa na zilivyowafikia watu wa Kariakoo. Televisheni yenyewe haikuwapo. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu mwaka 1973, lakini Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Hivyo Pamba ya Mwanza ilipotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990, aliyetaka kuyaona mapambano ya nyumbani kwa macho hakuwa na budi kukata tiketi na kuingia uwanja wa Kirumba. Asiyeingia aliambiwa.

Je, klabu hiyo iliishi kwa nini? Jina lake linatoa nusu ya jibu. Pamba ndilo zao lililoijenga Mwanza, na katika miaka ile timu nyingi zilikuwa chini ya mbawa za mashirika, viwanda na majeshi. Mchezaji alikuwa na ajira, timu ilikuwa na gari, na kiingilio cha mlangoni kilikuwa nyongeza. Uchumi ulipobadilika katika miaka ya 1990, na mashirika ya umma yakauzwa au yakadhoofika, mbawa hizo ziliondolewa. Pamba ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2001, na ilikaa nje miaka 23. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa hiyo moja tu, maana timu hushuka kwanza kwa kufungwa. Lakini timu iliyoondokewa na mlezi wake hukawia kuinuka.

Kilichokuja kujaza pengo hilo ni televisheni. Mwanzoni mwa mwaka 2013 mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Mwanza, na kila nyumba iliyotaka picha ikalazimika kununua king'amuzi. Mwaka huohuo kampuni ya Azam ilinunua haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 3, kwa zaidi ya shilingi bilioni 5, na kila klabu ikapangiwa shilingi milioni 100 kwa msimu. Yanga iliupinga mkataba huo. Msomaji atakumbuka kwamba mwenye televisheni alikuwa pia mwenye klabu ya Azam, iliyokuwa mshindani wa Yanga katika ligi ileile. Na ni dhahiri kwamba klabu yenye mashabiki nchi nzima haiwezi kufurahia kupewa fungu lililo sawa na la klabu ndogo.

Kwa maoni yetu, hoja ya mwisho haina nguvu kama inavyodhaniwa. Mchezo hauchezwi na timu moja. Yanga haiwezi kuonyesha pambano pasipo Toto African au Kagera Sugar kusimama upande wa pili wa uwanja, na kamera inawapiga picha wote 22. Hata Marekani, nchi isiyosifika kwa ujamaa, sheria ya mwaka 1961 iliziruhusu ligi za michezo kuuza matangazo yao kwa pamoja, na timu za mpira wao wa miguu zikagawana mapato ya televisheni ya taifa sawa kwa sawa.

Tatizo la klabu za ziwani liko kwingine. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100 kwa barabara, na timu hulazimika kuisafiri njia hiyo mara nyingi kwa msimu, ilhali klabu za Dar es Salaam hucheza baadhi ya mechi zao za ugenini bila kutoka mjini. Fungu sawa haliwi sawa likifika mikononi mwa watu wenye gharama tofauti. Zaidi ya hayo, fungu hilo limefungamana na daraja. Mbao FC iliifunga Yanga 1-0 Kirumba mwaka 2017 na kufika fainali ya kombe la shirikisho, kombe lililokuwa limebeba jina la Azam wenyewe, kama vile la zamani lilivyobeba jina la Nyerere. Ilifungwa na Simba 2-1 Dodoma baada ya muda wa nyongeza. Toto African ilishuka mwaka huohuo, na mwaka 2020 Mbao na Alliance zikashuka pamoja. Jiji la Mwanza likabaki bila timu katika Ligi Kuu.

Ndipo ukaja mkataba mkubwa. Mei 2021 Azam na Shirikisho la Mpira wa Miguu walitia sahihi mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Kwa wastani wa mwaka, kiasi hicho ni zaidi ya mara 10 ya kile cha mwaka 2013. Safari hii bingwa alitengewa kitita chake, na waliomfuata vitita vinavyopungua. Geita Gold, Kagera Sugar na Biashara United ya Musoma walikuwamo. Mwanza haikuwamo kwa misimu 3 mfululizo.

Wala si busara kuifanya televisheni kuwa mlezi wa pekee. Uingereza, klabu za madaraja ya chini ziliuza haki zao kwa kampuni ya ITV Digital kwa pauni milioni 315 kwa miaka 3. Kampuni ikaanguka mwaka 2002, wakati klabu zilikwisha tumia fedha ambazo zilikuwa bado hazijapokewa, na wachezaji wengi wakaachwa. Jirani zetu wa Kenya walionja hayo mwaka 2017, SuperSport ilipovunja mkataba baada ya ligi kuongezwa timu hadi 18.

Tazama basi ni klabu zipi zilizodumu ziwani. Kagera Sugar ya Bukoba, yenye kiwanda cha sukari nyuma yake, ilikaa Ligi Kuu kwa takriban miaka 20 hadi iliposhuka mwaka 2025. Pamba nayo ilirudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Walezi wa namna ya zamani, ambao wengi walidhani wamekwisha, ndio walioifikisha timu mahali ambapo fungu la televisheni hugawiwa.

Limebaki jambo la mlangoni. Ili kila pambano lionyeshwe peke yake, ratiba hutawanywa katika siku na saa mbalimbali, hata siku za kazi, na mvuvi au mchuuzi wa Mwaloni haachi biashara yake mchana kwa ajili ya Kirumba. Jioni huingia katika kibanda cha kuonyeshea mpira, kile ambacho vijana hukiita kibanda umiza, akalipa kiingilio kidogo na kuitazama timu ya mji wake kwenye kioo. Kiingilio hicho humwendea mwenye kibanda.