Nzige wa Mirihi Chini ya London

Wajenzi wanachimba njia ya treni chini ya London, wanakutana na mafuvu. Wakiendelea kuchimba wanapata kitu kikubwa kilichozikwa kwenye udongo, kigumu kiasi kwamba hakuna mashine inayoweza kukitoboa. Jeshi linasema ni bomu la Wajerumani lililobaki tangu vita. Profesa mmoja mwenye ndevu na hasira za karibu anakataa. Anauliza, kama ni bomu la juzi, mbona mafuvu yaliyo ndani yake yana umri wa miaka milioni 5?

Hiyo ni Quatermass and the Pit, muvi ya kampuni ya Hammer iliyotoka 1967. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu. Marafiki zangu hunicheka. Wanasema dubwana lenyewe linafanana na nzige wa plastiki, na kusema ukweli hawajakosea.

Mapenzi yangu na muvi hizi yalianza na hiyo hali yao ya kubahatisha. Hammer haikuwa na pesa. Ilichukua jumba kuukuu liitwalo Down Place, kando ya mto Thames karibu na kijiji cha Bray, ikaligeuza studio. Humo ndimo walimotengeneza The Curse of Frankenstein mwaka 1957 na Dracula mwaka 1958, Peter Cushing na Christopher Lee wakikimbizana kwenye vyumba vilevile. Ukitazama muvi tatu mfululizo unaanza kutambua ngazi: leo ni kasri la Dracula, kesho ni nyumba ya daktari mwendawazimu. Mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video, akimsikiliza DJ Afro akiipa muvi ya watu maisha mapya kwa sauti yake tu, hawezi kuudharau ujanja kama huo.

Lakini Profesa Quatermass hakuzaliwa Hammer. Aliundwa na Nigel Kneale, mwandishi wa BBC aliyekulia Isle of Man. Hadithi ya kwanza, The Quatermass Experiment, ilirushwa kwenye televisheni Julai na Agosti 1953, moja kwa moja, waigizaji wakikimbia kutoka seti moja hadi nyingine. Mwanaanga anarudi duniani akiwa na kitu mwilini, na kitu hicho kinamgeuza pole pole kuwa mmea. Mwishoni dubwana linatokea ndani ya Westminster Abbey, kanisa lilelile ambamo malkia alikuwa ametawazwa wiki chache kabla. Dubwana lenyewe lilikuwa mikono ya Kneale. Yeye na mchumba wake, Judith Kerr, walibandika majani na takataka kwenye glavu, kisha Kneale akapitisha mikono kwenye matundu ya picha ya kanisa.

Kerr alikuwa mkimbizi. Familia yake ya Kiyahudi iliitoroka Ujerumani ya Hitler mwaka 1933, yeye akiwa mtoto. Rudolph Cartier, aliyeongoza hadithi hizo, naye alikuwa Myahudi wa Vienna aliyekimbia Wanazi. Watu waliokuwa karibu na Kneale walijua vizuri jinsi jirani anavyoweza kugeuka.

Huku kwetu, mwaka huo wa 1953, hali ya hatari ilikuwa imeshatangazwa tangu Oktoba 1952. Uingereza ilikuwa na muvi zake kuhusu jambo hilo pia. Simba, ya 1955, inamweka Dirk Bogarde kwenye shamba la walowezi, Mau Mau wakija usiku na panga. Ilipigwa kama muvi ya mambo halisi, yenye mandhari za Kenya, lakini ukiitazama leo ina sheria zote za muvi ya kutisha: giza, ngoma, na kitu kibaya kinachotoka nje ya dirisha. Waliokuja usiku hawaelezwi walinyang'anywa nini. Muvi yenye nzige wa plastiki ina ukweli mwingi kuliko hiyo.

Mwishoni mwa Agosti 1958, vijana wa Kizungu wa Notting Hill, London, walianza kuvamia nyumba za watu weusi waliotoka visiwa vya Karibi. Vurugu zilidumu siku kadhaa. Kneale aliyaona hayo, na hadithi yake ya tatu ikatokana nayo. Quatermass and the Pit ilianza kwenye BBC tarehe 22 Desemba 1958, ikaisha 26 Januari 1959, miaka 8 kabla ya Hammer kuifanya muvi.

Kwenye hadithi hiyo, viumbe wa Mirihi walijua sayari yao inakufa. Hawakuweza kuishi duniani, kwa hiyo waliwachukua nyani wa kale, wakawabadilisha akili, wakawarudisha. Wangetawala bila kuwepo. Mkenya yeyote aliyesoma historia ya shule anaijua njia hiyo ya utawala. H. G. Wells alikuwa ameshawahi kuwapa Waingereza dawa yao wenyewe kwenye The War of the Worlds, kitabu cha 1898, wakati reli ikisukumwa kutoka Mombasa kwenda bara. Kneale aliongeza kitu. Viumbe wake walikuwa na desturi ya kuwaua wenzao waliozaliwa tofauti, ili kundi libaki safi, na hiyo desturi waliipanda ndani yetu. Chombo kinapoamka chini ya London, watu wa kawaida kabisa wanaanza kuwasaka majirani wasio na akili ya Mirihi.

Wiki tano baada ya sehemu ya mwisho, tarehe 3 Machi 1959, walinzi wa kambi ya Hola, kando ya mto Tana, waliwapiga watu waliozuiliwa humo kwa sababu walikataa kufanya kazi. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji. Bunge la Uingereza lilijadili suala hilo usiku wa Julai, na hotuba iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya Enoch Powell, aliyesema Uingereza haiwezi kuwa na viwango viwili vya haki, kimoja nyumbani na kingine Afrika.

Sasa ruka hadi muvi ya Hammer, Novemba 1967. Mwaka huohuo bunge letu, Nairobi, lilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na Wahindi wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakaanza kufunga maduka na kupanda ndege. Machi 1968 Uingereza ikapitisha sheria yake haraka haraka kuwazuia hao hao wasiingie. Aprili, Powell yuleyule wa Hola akasimama Birmingham kuwatisha Waingereza kuhusu wageni. Nchi mbili ziliwatazama watu walewale na zote zikaona wa kuondolewa.

Ndiyo maana siwezi kuitazama muvi hii nikiwanyooshea Waingereza kidole tu. Kuna sehemu ambapo Quatermass mwenyewe, mtu mwema, msomi, anashikwa na ile nguvu. Anamgeukia Roney, rafiki yake, akitaka kumuua. Akizinduka anajaribu kueleza: alihisi tu kwamba Roney ni tofauti.

Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa darasa la tatu. Kwenye ploti yetu Nairobi, jirani wa mlango wa pili ndiye aliyekuwa akitushikia ufunguo. Nikitoka shule mapema ananifungulia, ananipa chai. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa na moshi ukaanza kuonekana, mama alituambia tusiongee lugha ya nyumbani tukiwa kwenye ngazi. Kisha akaenda kuuchukua ule ufunguo. Jirani hakuwa amefanya lolote. Aliurudisha bila kuuliza, na mimi nikaacha kucheza na mtoto wake bila kuambiwa na mtu. Hicho ndicho kinachonisumbua. Hakuna aliyeniambia.

Mwishoni mwa muvi, Roney ndiye anayejitoa mhanga kuizima ile nguvu. Quatermass na Barbara, mfanyakazi wa Roney, wanabaki kwenye kifusi, mji ukiungua nyuma yao. Hakuna hotuba wala kukumbatiana. Wanakaa tu pale, kila mmoja akijua alichokuwa karibu kukifanya, na majina ya waigizaji yanaanza kupita juu yao.

Jirani yetu alihama Aprili. Ufunguo hatukumrudishia.